Umbali wa Salamu

Juni 1924, George Mallory na Andrew Irvine walitoka kwenye kambi yao ya mwisho ubavuni mwa Everest wakaelekea kileleni, na hawakurudi. Msafara wao haukuwa na upungufu wa kamera. Mpiga picha wao rasmi, John Noel, alikuwa na mtambo wa sinema na lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, naye alibaki chini akiwasaka kwa lenzi hiyo. Kamera inayoaminika kwamba walipanda nayo ilikuwa Kodak ndogo ya kukunja, Vest Pocket, ambayo Mallory aliazimwa na mwenzake Howard Somervell. Mwili wa Mallory ulipatikana mwaka 1999, kamera haikuwepo. Mwaka 2024 kiatu cha Irvine kilionekana kwenye barafu kikiwa na mguu wake, kamera bado. Karne nzima watu wanaiwaza, kwa sababu filamu iliyomo huenda ndiyo shahidi pekee wa kama walifika kileleni kabla ya kufa.

Nikiulizwa ni kamera gani ndogo mtu anunue kwa ajili ya safari, mwulizaji hutaka jina la kampuni na bei. Mimi huanza na Mallory. Kisa chake husimuliwa kama fumbo la wapanda milima, lakini kwa anayechagua kamera kina funzo jingine: mtambo wa maana ulibaki chini, cha kuazima kikapanda. Kilipanda kwa sababu kiliingia mfukoni. Vest Pocket ilianza kuuzwa mwaka 1912, na ukanda wake mmoja wa filamu ulitoa picha nane tu. Askari wengi waliibeba katika Vita Kuu ya Kwanza. Haikuwa kamera bora ya zama zake, ila ilikuwepo pale ambapo bora hazikufika, na hilo ndilo sharti la kwanza la kamera ya msafiri. Nimekwisha kuona mabegi ya kamera yenye lenzi tatu na miguu ya kusimamishia, yaliyobebwa kwa fahari siku ya kwanza, yakibaki chini ya kitanda cha gesti kuanzia siku ya tatu, mwenyewe akizunguka sokoni mikono mitupu na bega linamuuma.

Sasa, simu haitoshi? Kwa wengi inatosha, na simtakii mtu atumie mishahara ya miezi kununua asichokihitaji. Simu za leo hupiga usiku vizuri kuliko kamera nyingi ndogo, kwa kuwa hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Soko nalo limekwisha kutoa hukumu. Mwaka 2010 makampuni ya kamera, mengi yao ya Japani, yalisambaza kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Siku hizi kwa mwaka hazifiki milioni 10, na zilizofagiliwa kuliko nyingine ni hizi ndogo za mfukoni.

Lakini huku kwetu simu ndiyo pochi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, nauli, mlo, chumba cha kulala na akiba ya dharura vimehamia humo. Msafiri anayepiga picha kwa simu kutwa nzima hufika jioni kwenye stendi asiyoijua, betri imekata, na betri ikikata hana pesa, hana ramani, hana namba ya mwenyeji wake. Kuinyoosha simu nje ya dirisha la basi lililokwama kwenye foleni ni kumwita kibaka kwa jina. Na kuna jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: simu haikuachi utazame. Unaitoa kupiga picha jahazi linaloingia, unakuta ujumbe wa kundi la harusi, unajibu, ukiinua macho tanga limekwisha kushushwa. Kamera haina ujumbe. Ukiishika unafanya kazi moja.

Watengenezaji kamera walianza zamani kuhangaika na uzito. Oskar Barnack wa Wetzlar, Ujerumani, alikuwa mgonjwa wa pumu aliyechoshwa na masanduku na vioo vya picha vya wakati wake. Akachukua filamu ya sinema ya milimita 35, akaitengenezea kamera ndogo, na mwaka 1925 Leica ikaonyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya Leipzig. Habari za Leica zimeandikwa sana, sitazirudia. Ninayemwona kuwa mwalimu wa kweli wa kamera ya safari ni Yoshihisa Maitani, mhandisi wa Olympus.

Mwaka 1959 Maitani alitoa Olympus Pen, kamera iliyotumia nusu ya fremu ya kawaida, hivyo ukanda wa picha 36 ukatoa picha 72. Ilikuwa ya bei ya mtu wa kawaida, na lenzi yake haikuwa ya kubahatisha. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1979, akaja na XA, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Maitani aliitaka kamera isiyo na mkoba wala kifuniko cha lenzi. Ukifikiri, alikuwa sahihi kabisa. Kamera yenye mkoba hukaa mkobani; kifuniko cha lenzi hupotea, au husahaulika mahali pake mtu akapiga giza. Kwa hiyo XA ina mlango wa kuteleza. Ukiusukuma kwa kidole, lenzi imefunguka na kamera iko tayari. Ukiurudisha, kila kitu kimefungwa na unaitupia mfukoni pamoja na funguo. Lenzi yenyewe, ya milimita 35, ilibuniwa iwe fupi kiasi cha kutochomoza nje hata kidogo. Kitufe cha kupigia ni chekundu na chepesi, kinaitikia kidole kabla hujakibonyeza sawasawa. Ndani ya gamba hilo dogo mtumiaji bado alichagua mwenyewe tundu la mwanga na umbali. Hakupunjwa.

Kwa hiyo dukani ninapoijaribu kamera siulizi megapikseli kwanza. Naitia mfukoni. Naitoa kwa mkono mmoja, naiwasha, napiga, naizima, narudisha, bila kuitazama. Ikihitaji mkono wa pili, au ikinifungulia orodha ya mipangilio kabla ya picha, naiacha hapo hapo kaunta. Ricoh GR III, iliyotoka mwaka 2019, hupita mtihani huu kwa gramu 257 pamoja na betri na kadi. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ni kamera ya kuvutia, na vijana wameigombania kila pembe ya dunia, lakini kwa gramu 521 haiingii mfuko wa kanzu bila kuivuta kanzu upande mmoja. Hiyo ni ya shingoni, na ya shingoni inakutangaza kabla hujafungua mdomo.

Kinachofuata wauzaji hawakigusi kabisa: nyuso zetu. Kamera hupima mwanga kwa kukisia wastani. Mpige mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, jua la saa saba limewaka juu ya chokaa. Kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga ili weupe usiungue, na uso wa mwenyewe unazama kwenye kivuli. Tatizo hili lina historia ndefu. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Waliokuwa weusi walitoka wakiwa meno na macho. Mimi hilo silichukulii kama jambo la kiufundi tu. Albamu za familia nyingi zina babu asiyeonekana uso kwenye picha ya harusi yake mwenyewe.

Dawa yake kwenye kamera ndogo ni gurudumu, au angalau kitufe kilichokaa karibu na kidole gumba, cha kuongeza na kupunguza mwanga papo hapo. Ukiuona uso umezama, unaongeza, basi. Kamera inayoficha kazi hii chini ya kurasa tatu za mipangilio si ya kwetu, hata ikisifiwa vipi. Tena hapa ndipo ukubwa wa kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu, unapokuwa na maana. Sony RX100 ya mwaka 2012 ilishangaza kwa kuweka kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 ndani ya kamera ya mfukoni. Kile cha Ricoh kina eneo linalozidi kidogo mara tatu ya hicho. Kihisi kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo ukija baadaye kuung'arisha uso uliokuwa kivulini, unakuta ngozi ipo na mikunjo ya kicheko ipo. Kwenye kihisi kidogo unakuta chembechembe kama mchanga. Megapikseli 20 zinatosha kuchapa picha ya ukutani. Zaidi ya hapo ni mapambo ya boksi.

Halafu ipo lenzi, na kuhusu lenzi nina msimamo ambao rafiki zangu wengi hawakubaliani nao. Naona kamera ya safari isiwe na uwezo wa kuvuta. Iwe na lenzi moja isiyosogea.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua lenzi ya milimita 28, kwa kipimo cha filamu ya Barnack. Ukitaka mtu mzima aenee kwenye picha ya kulala, kuanzia kofia hadi makubadhi, itabidi usimame kama mita 2 kutoka kwake. Kwa milimita 40 ni mita 3 kasoro kidogo. Kwa kamera inayovuta hadi milimita 200, ni mita 14, ng'ambo ya barabara. Tofauti hiyo watu huiita urahisi. Kwangu ni tofauti ya adabu. Huwezi kusimama mita 2 mbele ya mzee aliyeketi barazani ukawa huna habari naye. Shikamoo lazima itangulie. Akiitikia marahaba, yatafuata maswali, umetoka wapi, wa nani wewe, unakwenda wapi, na picha ikija itakuja katikati ya mazungumzo hayo, naye anajua inakuja. Huenda akavua miwani, huenda akavaa kofia, huenda akamwita mjukuu akae pajani. Mita 14 hazina salamu. Kutoka huko unachukua, na mwenye uso hajui kama amechukuliwa. Atajua siku mtu akimwonyesha.

Ni kweli kwamba lenzi isiyosogea inakunyima mengi. Ndege wa Ngorongoro hutampata. Mnara wa ng'ambo ya bandari utakuwa mdogo kama kijiti, na pengine ni heri, maana bandari, madaraja na kambi za jeshi ni mahali ambapo kamera huleta maswali kutoka kwa watu wasiopenda kujibiwa polepole. Anayekwenda mbugani achukue lenzi ndefu, wanyama hawadai salamu. Mimi nazungumzia safari za miji, masoko, treni na majahazi, ambako kinachokupeleka ni watu.

Udogo wenyewe una hatari yake. Henri Cartier-Bresson alinunua Leica mwaka 1932, akafunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili isionekane, na kwa kamera hiyo iliyojificha akatengeneza baadhi ya picha kubwa za karne iliyopita. Nazipenda picha zile. Lakini mbinu ile ya kujificha sitaki kuibeba hadi pwani yetu, kwa sababu pwani hii imekwisha kuchukuliwa vya kutosha. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, studio za Unguja kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho ziliuza picha na kadi za posta kwa wasafiri wa meli. Majengo yalikuwa na majina, masultani walikuwa na majina. Mwanamke wa mtaani aliandikwa mwanamke wa Kiswahili, na basi. Kamera ndogo ya leo iliyofichwa kiganjani inaweza kuendeleza kazi ile ile kwa kasi zaidi.

Upande wa pili wa historia hiyo kuna studio ambazo watu walikwenda kwa miguu yao. Capital Art Studio ilifunguliwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Mombasa alikuwepo Parekh. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha zake za kukata na kuunganisha. Baadaye, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alipigwa picha mbele ya safari ambayo hajawahi kuifanya, akaituma kwao. Katika picha hizo zote mwenye uso ndiye aliyeamua. Alichagua kitenge, alichagua kuonyesha saa ya mkononi, alichagua kucheka au kukaza uso. Sisemi msafiri atembee na pazia. Nasema kamera yake iwe ndogo ili isimtishe mtu, na iwe karibu ili mtu apate nafasi ya kuamua kama walivyoamua wale.

Hapo ndipo ninapochagua kati ya 28 na 40. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinaidai 28, kwa maana mgongo wako uko ukutani na mlango unaoutaka uko mbele ya pua; huna pa kurudi nyuma. Lakini ukimsogelea mtu sana kwa 28, lenzi huvimbisha pua na paji la uso, na hakuna anayejipenda hivyo. Mita 3 za lenzi ya 40 ni umbali ambao watu wawili wasiojuana huzungumza bila kubanana. Ricoh walipotoa GR IIIx mwaka 2021 yenye lenzi ya kipimo hicho, kwangu suala lilikwisha. Milango isubiri.

Yaliyobaki nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayoua kamera. Lenzi inayochomoza na kurudi hunyonya vumbi kama pampu, na vumbi likitua kwenye kihisi unalibeba kwenye kila anga utakayopiga. Barabara ya vumbi jekundu ikianza, kamera iingie kwenye mfuko wa nailoni. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi asubuhi ya Dar es Salaam, kioo kitajaa ukungu. Iache kamera begini ipate joto taratibu, usiifute kwa shati. Baada ya siku ya baharini ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, chumvi haisamehi. Betri za kamera ndogo ni dhaifu, ile ya GR III hutoa picha kama 200 tu, kwa hiyo chukua ya akiba, na usinunue kamera isiyochaji kwa waya ule ule wa simu yako. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na si kila behewa lina pa kuchomeka. Kamera za filamu kama ile XA bado zinapatikana mikononi mwa watu, na nazipenda, lakini kupata mahali pa kusafishia filamu siku hizi ni safari nyingine, na picha itakayotoka baada ya miezi miwili haimfikii aliyepigwa.

Hilo la mwisho limekuja kuwa kipimo changu kikubwa kuliko vyote. Kati ya kamera mbili zinazolingana kwa kila kitu, nachukua ile inayorusha picha kwenye simu bila waya, papo hapo, bila kuniomba nywila mara tatu. Mama anayekaanga vitumbua asubuhi kando ya gati hajali ukubwa wa kihisi. Anataka aione sasa, kabla boti haijaondoka, na akiipenda anataka iende WhatsApp kwa binti yake aliyeko Muscat, ambaye hajamwona tangu mwaka juzi. Asipoipenda anasema. Anashusha ushungi, anaufunga upya, anaangalia kama mtungi wa mafuta unaonekana nyuma, anaagiza usogezwe, halafu anaagiza nipige nyingine.